Fukusi Waliozinduka

Mtaani walimwita Mbishi, na hawakumwonea. Tangu utotoni hakukubali jambo kwa kuambiwa tu. Ukimwambia chai ni ya moto, lazima atie kidole. Mwalimu wake wa biolojia alichoshwa na maswali yake mpaka akaishia kumpenda, na ndiye aliyemletea habari kwamba chuo kikuu kinachukua wanafunzi wachache wa sekondari wakati wa likizo ndefu, waingie maabara wafanye utafiti bega kwa bega na watafiti wenyewe.

Nyumbani habari hiyo haikupokewa kwa sauti moja. Mama yake alifariki yeye angali mchanga, akalelewa na shangazi yake, aliyekuwa na saluni ndogo katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Shangazi alikwisha kupanga kwamba likizo ile msichana ajifunze kusuka, maana ujuzi hauozi. Baba, fundi bomba asiyependa maneno mengi, alisikiliza upande huu, akasikiliza na ule, kisha akasema kwamba vichwa vya watu vitaota nywele hata mwaka ujao. Mjadala ukafungwa.

Maabara aliyopangiwa haikufanana na alivyoiwaza. Alitarajia mitambo ya kung'aa. Akakuta chumba kirefu chenye harufu ya pumba, na rafu zilizojaa chupa za mdomo mpana, kila moja imefunikwa kitambaa chepesi kilichobanwa kwa mpira. Ndani mlikuwa na mahindi, na ndani ya mahindi mlikuwa na fukusi, wale wadudu wadogo wanaotoboa nafaka. Mwenzake wa kazi alikuwa mvulana wa shule nyingine aliyeitwa Kipanga, kwa kuwa hakuna mwaka aliokosa kuongoza darasa lake. Msimamizi wao alikuwa mwanamke kijana aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu, naye wote wawili walimwita Dada. Dada alitaka kujua kama unga wa maganda ya machungwa unaweza kuua fukusi, ili watu wasilazimike kutia sumu kwenye chakula chao.

Kazi ilikuwa ya kuchosha kuliko hesabu. Walikausha maganda, wakayasaga, wakayachekecha huku wakipiga chafya kama paka aliyeingia kwenye pilipili. Waliuchanganya unga na mahindi, wakatia fukusi, wakafunika, wakangoja. Chupa nyingine waliziacha bila unga ili wapate cha kulinganisha. Mbishi aliangusha chupa moja, ikawabidi watambae chini ya meza kukamata fukusi mmoja mmoja, Dada naye akitambaa nao, koti lake jeupe likifagia vumbi.

Walipofungua chupa, zile zisizo na unga zilikuwa na fukusi wanaotembea kama kawaida. Katika zile zenye unga, karibu wote walilala miguu juu. Dada alifurahi bila kuficha. Alikwenda kumwita Profesa, mkuu wa maabara, naye akaja, akainamia sinia, akasema kazi hii ndiyo itakayotangulia siku ya maonyesho, wanafunzi wote watakapoeleza walichokifanya mbele ya wazazi na wageni.

Jioni Mbishi alisimulia nyumbani. Shangazi, ambaye hakuwa ameikubali likizo ile, sasa alibadilika ghafla. Alimweleza mteja mmoja, na kabla nywele za yule mteja hazijafika kisogoni, habari ilikuwa imeshatoka mlangoni. Binti wa nyumba ile kagundua dawa ya fukusi. Jirani mmoja muuza nafaka alianika maganda juu ya paa. Wengine walileta mikebe wakiomba unga wa kuonja tu, Shangazi akawaandika foleni kama watu wa kusuka.

Wiki iliyofuata walifungua chupa nyingine, na Mbishi alikuwa ametandaza wale waliokufa kwenye sinia, akaitwa yeye na Kipanga kwenda kupokea magunia getini. Wakapitiliza kula. Waliporudi, sinia lilikuwa limebaki na wachache tu. Alidhani msafishaji kawamwaga. Halafu akaona fukusi mmoja anapanda fremu ya dirisha, na mwingine yuko kwenye mkoba wake mwenyewe. Aliwapulizia waliobaki. Mguu mmoja ukatikisika, ukafuata wa pili.

"Hawa hawakufa," alisema. "Walizimia."

Kipanga aliinamia sinia. Aliona vilevile alichokiona mwenzake, na hakubisha. Alivuta kigoda akaketi, akasema baba yake ameshaomba ruhusa kazini ili aje siku ya maonyesho, na Profesa ameshawaambia wageni.

"Tukisema, tutabaki na nini?" aliuliza.

"Na mtu akitia unga wetu kwenye akiba yake ya mwaka mzima, yeye atabaki na nini?"

Kipanga alirudisha kigoda mahali pake. Alisema atakwenda naye kwa Dada, ila ulimi wake usitegemewe.

Dada aliwasikiliza akiwa amesimama. Aliuliza sinia lilikaa wazi tangu saa ngapi, akachukua kioo cha kukuzia, akawatazama wadudu mmoja mmoja. Kisha alisema kosa ni lake. Mdudu aliyelala hahesabiwi mfu mpaka akae kwenye chombo safi hadi kesho yake bila kuamka. Aliijua kanuni hiyo, na kwa pupa ya kupata matokeo mazuri hakuwafundisha. Alitoka nje. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Haya, vaeni makoti," alisema. "Tunaanza upya."

Walianza upya, na safari hii walingoja. Wengi wa wale fukusi walizinduka. Unga wa machungwa uliwalevya, haukuwaua.

Kwa Mbishi, kumwambia Profesa hakukuwa kazi kubwa. Mzee yule aliguna tu, akaomba aone hesabu mpya. Kazi ilikuwa saluni. Aliingia kukiwa na wateja watatu, na muuza nafaka yuko mlangoni na mkebe wake. Akayasema yote papo hapo, kwamba dawa si dawa na foleni ivunjwe. Muuza nafaka alikwenda zake akilalamika kwamba familia yake imekula machungwa mpaka midomo ikababuka. Wateja walicheka. Shangazi hakucheka.

"Umenivua nguo mbele za watu," alisema wateja walipoondoka, na baada ya hapo hakusema tena.

Mbishi alimlalamikia baba yake kwamba alichosema ni kweli tupu. Baba alikuwa anasugua kutu kwenye spana. "Ni kweli," alisema. "Lakini shangazi yako hakuwa anadanganya watu. Alikuwa anaringa kwa ajili yako."

Asubuhi Mbishi aliwahi saluni, akafagia, akapanga viti. Shangazi alipoingia, aliomba radhi: si kwa habari yenyewe, bali kwa kuitoa mbele ya wateja bila kumwambia kwanza. Shangazi alimtazama, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Nieleze taratibu, mwanangu," alisema. "Maana mimi ndiye nitakayeulizwa."

Siku ya maonyesho hawakutangulia. Waliwekwa karibu na mwisho. Kipanga, yule aliyeutilia shaka ulimi wake, ndiye aliyeanza kusema, na akasema vizuri. Mgeni mmoja aliuliza sasa wamegundua nini. Mbishi akamjibu kwamba wamegundua jinsi ya kumlewesha fukusi, ila pombe ikimtoka anaendelea kula. Ukumbi ukacheka, Shangazi akiwa mbele kabisa katika nguo yake ya kuendea harusini. Profesa akauliza kama mtu anaweza kuwapepeta watoke kwenye nafaka wakiwa wamezimia. Mbishi akasema hawajajaribu, kwa hiyo hajui. Dada alilichukua swali lile, na baada ya likizo akalifanyia kazi katika tasnifu yake.

Mbishi alirudi shuleni na alama zake zilezile. Kemia iliendelea kumtoa jasho. Alipomaliza sekondari aliomba kusomea wadudu chuoni. Baba aliuliza hiyo ni kazi ya wapi, naye akakiri hajui bado. Leo yuko kwenye kituo cha mbegu, mji mwingine, akichunguza wadudu wa nafaka. Ameolewa na mwalimu wa muziki, wana watoto wawili, na msimu wa mavuno hapendi kupokea wageni kwa sababu kazi humzidi. Kipanga amekuwa mhasibu. Hupigiana simu mara chache, na huzungumza zaidi habari za watoto.