Bafu la Mama na Migomba ya Baba Watoto

Nyumba yetu ya Mpanda mie niliibomoa kichwani kabla haijaguswa na jembe. Nasonga ugali huku naangalia ukuta, nasema moyoni, huu utoke, mlango uwe pale, dirisha lipande juu. Mume wangu akiniona nimenyamaza na mwiko mkononi anauliza, "Leo unahamisha nini tena, mama watoto?" Maana alinijua. Mimi kunyamaza si kawaida yangu, hata leo, nyie mnajua.

Sababu ilikuwa mama yangu. Alikuwa anakaa Kasansa peke yake, baba ameshatangulia, na macho yake yalianza kuingia ukungu. Anaona cheusi, anaona cheupe, basi. Sura hapana. Mara akaanguka na ndoo ya maji kwenye kingo za majaruba ya mpunga, majirani wakamkuta amekaa kwenye tope anacheka, anawaambia anapumzika. Nilipopata habari nikasema hapana, mama anakuja kwangu. Nikatuma neno kwa dereva wa lori la mpunga. Jibu likarudi na dereva huyo huyo: "Mama anasema, kwako ndiyo kwa mkwe wake. Sasa yeye ataogea wapi?"

Hapo nieleze kidogo. Nyie wa siku hizi mnakaa kochi moja na wakwe, mnaangalia televisheni, mnacheka. Kwetu mwanamke na mume wa binti yake walikuwa hawatazamani usoni. Mwanaume akikaribia anakohoa, mama anajifunika kanga. Wakitaka kuambiana jambo wanamweka mtu katikati. Na kuogea mahali pamoja, weee! Bora uhame kijiji. Wala si chuki, jamani, ni heshima. Mume wangu alimpenda mama yangu mno. Dagaa wazuri wakija kutoka Ikola, fungu la kwanza ni la mkwe. Lakini ukimuuliza mkwe wako ana pua ya namna gani, hajui.

Na sisi tulikuwa na bafu moja tu, la nyasi, na jiko lenye mlango mmoja unaotazama barazani anapokaa mume wangu. Mama akitoka jikoni, uso kwa uso na mkwe. Kwa hiyo si suala la kuongeza kitanda. Ilibidi nyumba ipangwe upya, watu wawili wakae kiwanja kimoja miaka wasionane. Nikamwambia mume wangu hivyo hivyo. Akajikuna kidevu, akasema, "Hata serikali haijawahi kupanga kitu kama hicho."

"Mimi nitapanga," nikasema.

Miaka ile ya sabini saruji ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Mume wangu alikuwa anapakua mizigo stesheni, siku moja akafanikiwa kununua mfuko, kwa halali kabisa, akaja nao kichwani. Akaulaza chumbani, akaufunika blanketi kama mgonjwa. Mimi nikajua bafu la mama limepatikana. Kumbe yeye na fundi wa kutujengea wameshapanga yao. Wanataka sakafu ya sebule.

"Mgeni akiingia anaona nini?" mume wangu akauliza. "Anaona sebule."

"Mgeni anaingia anatoka," nikasema. "Mama anaingia anakaa."

Fundi akacheka. Alikuwa mtu wa maneno, penseli sikioni. "Shemeji, saruji yote uimwage bafuni? Watu watasema umechanganyikiwa."

"Waseme. Wewe changanya zege."

Mume wangu akanitazama, akatazama mfuko, akaenda barazani kukaa. Alivyokaa nikajua nimeshinda. Akiwa hajakubali huwa anasimama.

Tukalijenga nyuma ya jiko, kwa matofali ya kuchoma, la mama peke yake. Jiko nikalitobolea milango miwili mipya, mmoja wa kuingilia kutoka uani, wa pili unaotoka moja kwa moja bafuni, ule wa barazani tukauziba kabisa. Siku ya kumwaga sakafu fundi akataka kunyunyiza saruji kavu juu, ailainishe kwa mwiko mpaka ing'ae. Alikuwa anajisifia hilo, anasema utajiona uso kama kwenye kioo. Nikamwambia mama yangu haoni uso wa mtu hata ukiwa mbele yake, atajionaje sakafuni? Na ikilowa na sabuni si atateleza? Nikachukua fagio la chelewa, sakafu ingali mbichi, nikaipitisha taratibu kutoka mlangoni mpaka kwenye tundu la maji, ikabaki na mistari mistari. Mguu unashika. Fundi alishika kichwa kama amefiwa. "Kazi yangu nzuri unaikwangua kama sufuria!"

Jiko halikupata hata kijiko cha saruji, lakini nani kasema udongo hautoshi? Nilichukua udongo wa kichuguu, ule mwekundu unaonata, nikauponda, nikauchanganya na mavi ya ng'ombe na majivu, nikaupiga sakafuni kwa ubao mpaka mabega yakawaka. Ukianza kukauka unalainisha kwa jiwe la mto, unazungusha, unazungusha. Ikatoka sakafu ambayo ukidondosha punje ya mchele unaiona. Kuta nikazipaka udongo mweupe wa bondeni. Halafu nikachukua masizi ya chungu, nikayakoroga na uji wa muhogo, nikazungushia milango yote mkanda mpana mweusi. Na nje, kuta za bafu, hivyo hivyo. Mama anaona cheupe na cheusi, si ndiyo? Basi penye mkanda mweusi ndipo pa kupita.

Jirani yangu, mama mmoja mwenye mdomo, tukipendana na kugombana siku moja hiyo hiyo, akaja akasimama na ungo wake.

"Haya makubwa. Jiko la kupikia ugali umelifanya hospitali."

"Karibu, una ugonjwa gani?"

"Utaona. Moshi ukilipitia wiki moja tu litakuwa jeusi kama tumbo la chungu."

"Nitapaka tena."

"Na tena?"

"Na tena. Mikono ninayo, udongo uko bondeni."

Akacheka, akaweka ungo chini, akashika kitambaa akanisaidia ukuta wa dirishani. Mdomo tu, roho yake nzuri.

Sasa maji ya bafuni. Fundi aliielekeza sakafu ishuke upande wa nyuma, maji yatoke kwa mfereji mpaka kwenye migomba. Migomba hiyo aliipanda mume wangu mwenyewe, anaizungukia kila asubuhi kabla ya kazi, anaigusagusa kama ng'ombe wake. Akafurahi sana. "Itakunywa kila siku bila mimi kubeba ndoo," akasema. Sote tukafurahi. Tuliwaza milango, tuliwaza baraza, tuliwaza nani atapita wapi. Maji hakuna aliyeyawaza.

Mama akaja. Lori lilimshusha jioni, limejaa vumbi, yeye kakaa mbele kwa dereva na kuku wake mapajani kama mke wa mkuu wa wilaya. Mume wangu alipoona lori akakohoa, akaingia sebuleni akajifungia, ili mkwe wake akague kwa nafasi. Nikamshika mama mkono. Mlangoni mwa jiko akaachia mkono wangu mwenyewe. "Hapa ni mlango," akasema, akapita katikati ya mkanda mweusi. Mie machozi. Akavua viatu, akapapasa sakafu kwa nyayo. "Kichuguu hiki," akasema. "Umekipiga vizuri." Akatoka mlango wa pili, akaingia bafuni, akasugua mguu kwenye ile mistari, akacheka. Nikasema moyoni, kwisha, mama amekaa.

Akasimama. "Na maji yanakwenda wapi?"

"Yanashuka huku nyuma, mama, kwenye migomba."

"Migomba ya nani?"

"Ya baba watoto."

"Na ndizi zake anakula nani?"

"Si tunakula sote."

"Na yeye?"

"Na yeye."

Mama akatafuta viatu vyake kwa mguu. "Lori linarudi lini?"

"Mama!"

"Nimekuuliza lori."

"Kesho asubuhi. Lakini mama..."

"Kesho narudi nalo. We mtoto una akili kweli? Mimi nioge, maji ya mwili wangu yanywe mgomba, mgomba uzae, mkwe wangu akae mezani ale? Si bora nimuogee kwenye sahani!"

Nikajaribu. Nikasema ndizi tutaziuza sokoni. Akasema, "Uwauzie watu maji yangu?" Nikasema tutavunja sakafu tugeuze mteremko. Lakini nilijua saruji imeisha yote pale chini, tukivunja hatuna nyingine ya kurudishia. Mama akakaa kwenye kinu jikoni, amekumbatia kuku, uso umegeukia njia ya Kasansa kama vile anaiona.

Nami nikasema, lori hilo kesho litaondoka na vumbi lake, na mafuta yake, na dereva wake, mama yangu hapana. Nikatwaa jembe. Nikaenda moja kwa moja kwenye migomba, nikaanza na ule wa mbele.

Mume wangu akatoka mbio. "Unaifanya nini migomba yangu?"

"Naitoa."

"Ule una mkungu!"

"Mama anaondoka kesho. Anasema hawezi kukuogea kwenye sahani."

Kwanza hakuelewa. Halafu akatazama mfereji, akafuata kwa macho mpaka kwenye migomba, nikaona jambo limemwingia, akashika mdomo. "Ee Mungu wangu," akasema. "Na mimi ndiye niliyeshangilia." Akasimama anaitazama migomba yake. Sikumsemesha. Kumsemesha mwanaume wakati kama ule unaharibu. Nikainua jembe tena.

"Hebu lete hilo jembe," akasema. "Unafukua kama unapalilia karanga."

Akavua shati. Akaanza kuing'oa, shina moja baada ya jingine, vipando vidogo anaviweka pembeni akavipande upande wa barabara, mikubwa inaanguka puu! Kati yake na mama kuna ukuta wa jiko tu, kila neno linasikika, lakini kusemeshana hawawezi. Nikasimama mlangoni mimi, kama simu ya posta.

Mama akauliza, "Kinachoanguka ni nini?"

"Migomba, mama."

"Nani anaikata?"

"Mwenyewe."

Puu! Mwingine. Mama akakohoa kidogo. "Mwambie mkwe asijichoshe, mimi narudi kwangu."

Nikageuka. "Mkwe wako anasema usijichoshe."

Naye anahema, hatazami huku. "Mwambie mkwe sijachoka. Mwambie mfereji huu hautamwagilia kitu cha kuliwa na mtu yeyote nyumba hii. Upande huu patabaki majani matupu."

"Mama, amesema..."

"Nimesikia, mimi kiziwi? Macho ndiyo mabovu." Akamweka kuku chini. "Muulize, na ule wenye mkungu?"

"Anauliza, na ule wenye mkungu?"

Mume wangu alikuwa ndiyo yuko kwenye huo, mkono kwenye shina. Mkungu ulikuwa umejaa, umebaki kidogo tu ukomae. Nilimwona anameza mate. "Mwambie na huo unatoka," akasema.

Puu.

Jikoni kuku anadonoa sakafu yangu mpya. Mama akaweka mkono ukutani, kwenye weupe, akafuata mpaka ulipokutana na mkanda mweusi, akasimama mlangoni, kanga ameishusha mpaka puani.

"Mwambie," akasema, "mkungu huo asiutupe. Haujanywa maji yangu bado. Apikiwe ale, ni halali yake."

Nje nikasikia mume wangu anacheka, kicheko cha kubana, maana kucheka mbele ya mkwe nako hapana. "Mwambie mkwe ahsante."

"Mwambie sijasema na yeye, nimesema na wewe," mama akajibu. Halafu akanivuta kanga. "Na wewe unasimama hapa unafanya nini? Nimekula vumbi tangu alfajiri. Weka maji motoni. Yasiwe ya moto sana."

Niliyapasha hayo maji mbio mbio. Nikamwekea ndoo ndani, nikamwonyesha sabuni iko wapi, akanifukuza, akasema anajua kuoga tangu mimi sijazaliwa. Kata ya kwanza ikamwagika. Maji yakaja yakashuka kwenye ile mistari, yakatoka kwenye tundu, yakaingia mferejini, yakipita yanaimba hivi.

Mume wangu alikuwa bado yuko pale na jembe, matope mpaka magotini. Akayaona maji yanakuja upande wake. Weee, mwanaume alitupa jembe! Akaruka mfereji, akaruka vile vipando vyake, akapita uani na njia ya mbele mpaka barabarani, bila shati, bila viatu. Jirani yangu alikuwa anapita na ungo wake, akamuuliza, "Shemeji, nyumba inaungua?"

"Mkwe anaoga!" akasema, na hakusimama mpaka stesheni.