Ng'ombe wa Zizi Letu

Swali la ng'ombe huwa namwachia mwenzangu aulize. Kazi yetu ni kuzunguka vijijini kuuliza watu wanaishije: watoto wangapi wanasoma, zahanati iko umbali gani, maji yanatoka wapi, nyumba ni ya bati au ya nyasi. Hayo yote nauliza bila kupepesa macho. Tukifika kwenye mifugo najifanya natafuta kalamu, au naomba maji ya kunywa, na mwenzangu ambaye amekwisha kunizoea anaendelea. Hajawahi kuniuliza kwa nini. Ni aibu ya siku nyingi, lakini mashavu bado yananiwaka.

Nilikulia upande wa Nkoma, enzi tukiwa bado wilaya ya Bariadi na mkoa wa Shinyanga. Habari za mkoa wa Simiyu hakuna aliyeziota. Ndiyo miaka serikali ilipoanza kusema wananchi wachangie. Zahanati uende na bomba lako la sindano, shuleni uende na ada, na dawati la mtoto mzazi alijue. Pamba nayo ilikuwa imeachiwa wenye fedha zao. Godauni la chama cha ushirika lilibaki na popo, na wanunuzi binafsi walikuja na malori, wakatundika mizani kwenye mti, wakakutajia bei waliyoamka nayo.

Mwaka huo nilifaulu kwenda sekondari. Shule yetu ilikuwa na miaka haijatoa msichana, na mwalimu mkuu alikuja mwenyewe kwa baiskeli kutupa habari. Baba alifurahi mpaka akawa anacheka peke yake. Ada ilipotajwa akasema, "Tutaona baada ya pamba." Pamba ikauzwa, akasema tena tutaona.

Nilimkasirikia. Zizi letu lilikuwa limejaa. Jioni ng'ombe wakirudi, vumbi lao lilionekana mpaka barabarani, na wapita njia walisimama kutazama. Nilikuwa nimekua nikitembea kifua mbele kwa sababu ya zizi lile. Kisimani wasichana wenzangu walinipisha nichote kwanza, nami niliona ni haki yangu. Sasa mtu mwenye zizi kama hilo anashindwaje kuuza ng'ombe mmoja mtoto wake akasome? Siku moja nilimwambia mama, kwa sauti ya makusudi, kwamba baba anawapenda ng'ombe kuliko mimi. Baba alikuwa nje ya dirisha ananoa panga. Kunoa kukasimama kidogo, kisha kukaendelea.

Kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa sauti. Ukimwuliza mzee ana ng'ombe wangapi atakujibu wapo, wa kutosha maziwa, basi. Na waliomo zizini mwake ni wake. Hakuna jirani mwenye adabu atakayeuliza zaidi, kama ambavyo hakuna anayemwuliza mgeni ataondoka lini. Kulikuwa na mtu mmoja wa Mwandoya, mnene, mwenye duka la nguo, aliyevaa koti zito hata jua likiwa kali. Baba alimwita rafiki. Alikuja mara chache kwa mwaka, na akishakunywa maziwa aliingia zizini akawapitia ng'ombe mmoja mmoja, akiwashika nundu. Nilimwona mtu wa kijicho, nikamchukia.

Ndipo wakaja watafiti. Walitoka chuoni, na walitaka kujua nani kijijini anaweza kuchangia na nani hawezi. Watoto wa wasioweza wangelipiwa ada na wafadhili wao. Tulikusanywa kwenye lile godauni tupu. Dada mmoja wao, mwenye suruali na sauti ya upole, alichora kwa majivu maduara matatu sakafuni: la kwanza la kaya zinazojiweza, la pili la wanaojiweza mvua ikikubali, la tatu la wasiojiweza. Kila mwenye kaya alipewa gunzi la mahindi akaliweke anapoona panamfaa, na wengine waseme kama ni kweli.

Mwenye mashine ya kusaga alikwenda na gunzi lake moja kwa moja mpaka duara la tatu. Godauni zima likaangua kicheko.

"Acha masihara wewe! Hiyo mashine inasaga upepo?" mtu alipiga kelele, naye akaliokota gunzi lake akalihamisha huku akicheka mwenyewe.

Zamu ya baba ilipofika alisimama, akakung'uta suruali, akaliweka gunzi katikati ya duara la kwanza. Hakusita, na hakuna aliyecheka. Wazee waliguna kuitikia, na balozi wetu wa nyumba kumi akasema, "Hapo ni penyewe. Zizi linajulikana." Yule dada aliandika kwa furaha, maana hakuna kaya nyingine iliyokubaliwa upesi hivyo. Nami, pamoja na hasira zangu zote, nilijiona mkubwa. Niliwatazama wenzangu kuona kama wameona.

Mama alikuwa amekaa nyuma na wanawake, juu ya magunia matupu. Aliponyanyuka nilidhani anatoka nje. Badala yake akapita katikati ya wanaume, kichwa chini, akainama, akaliokota gunzi la baba akalipeleka kwenye duara la tatu. Aliliweka taratibu, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia.

"Mayu, vipi tena?" mwenyekiti wa kijiji alimwuliza, akimwita mama kwa heshima.

"Wale ng'ombe si wa kwetu," mama alisema. Alizungumza Kisukuma, mwalimu mkuu akawa anawatafsiria wageni. "Ni wa mtu wa Mwandoya, sisi tunamtunzia tu. Maziwa tunakunywa, samadi tunapata, na maksai wake ndio tunaolimia. Wa kwetu ni yule mwekundu aliyevunjika pembe na ndama wake, basi. Mtoto amefaulu, na baba yake hana cha kuuza."

Hakuna aliyeguna safari hii. Nadhani wengi walikuwa wanajua, ndiyo maana walinyamaza namna ile, kila mtu akitazama vidole vya miguu yake. Asiyejua nilikuwa mimi. Yule dada mtafiti alimgeukia baba akamwuliza, kwa upole ambao ningependa angeuacha chuoni kwao, "Ni kweli, mzee?"

Baba alikuwa analitazama gunzi. "Mama yake amekwisha sema," alijibu.

Niliona aibu mpaka masikio yakaziba. Nisidanganye kwamba kwanza nilimwonea baba huruma, huruma ilichelewa. Kwanza niliwaza kisima, na wasichana walionipisha, na kwamba mama zao walijua. Kisha nikakumbuka lile panga lililosimama kunolewa. Na katikati ya aibu yote hiyo, nikajikuta nafurahi, kwa sababu sasa ningekwenda shule. Furaha hiyo ndiyo iliyonitia aibu kuliko yote, na aibu hiyo ndiyo haijanitoka.

Nyumbani hakukuwa na ugomvi. Afadhali ungekuwepo. Baba alikula, akamwambia mama "wabeja", kama alivyomshukuru siku zote kwa chakula, akatoka akaenda kusimama zizini.

Haikupita muda mrefu yule mtu wa Mwandoya akaja na vijana wake. Hakuwa na hasira. Alieleza tu kwamba amewatawanya ng'ombe wake kwa marafiki ili asijulikane anao wengi; wakijulikana watakuja watu wa michango, watakuja mashemeji, na wezi pia watakuja. Hapa kwetu sasa walikuwa wamejulikana. Baba alisema anaelewa. Akachukua fimbo, akasaidia kuwaswaga mpaka ng'ambo ya korongo, maana walikuwa wamezoea sauti yake na hawakutaka kuwafuata wale vijana. Wengine walikuwa wamezaliwa mikononi mwake. Aliporudi peke yake, fimbo aliitundika juu ya mlango na sikumwona akiishusha tena.

Nikaenda sekondari. Wafadhili walilipa kama walivyoahidi, siwezi kuwasema vibaya. Walichotaka ni kwamba sisi tuliolipiwa tusimame mbele ya shule nzima kila muhula tupigwe picha. Wenzangu bwenini waliponiuliza kwetu tuna nini, niliwaambia ng'ombe, na nikawasimulia lile vumbi la jioni. Mmoja akauliza imekuwaje basi nasimama kwenye ile picha. Nilimjibu kwamba baba yangu ni mgumu, hapendi kuuza. Jibu hilo nililitamka kwa urahisi kabisa.

Likizo ya kwanza nilifika nyumbani jua likiwa linazama. Magugu yalikuwa yameota zizini, na plau ilikuwa imeegemezwa ukutani imeshika kutu. Mwaka huo walilima kwa jembe la mkono, sehemu ndogo tu. Yule mwekundu na ndama wake walikuwa wamejibanza kwenye kona, zizi likiwa kubwa mno kwao. Baba alikuwa mlangoni, ameshika tawi la miiba la kufungia. Nilipiga goti nikamwamkia. Aliuliza masomo, akauliza chakula cha huko, akauliza kama walimu wanafundisha au wanakimbilia biashara zao. Kisha akauliza, bila kunitazama:

"Na wenzako huko, wakikuuliza kama baba yako ana ng'ombe, unawajibuje?"

"Nawaambia wapo," nilisema. "Wa kutosha maziwa."

Alitikisa kichwa kukubali, polepole, kama mtu aliyekuwa akilisubiri jibu hilo muhula mzima.

"Wabeja, mwanangu," alisema, akaburuta tawi la miiba akafunga zizi.