Fundi wa Gerezani Anayerusha Ndege Chali

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla milango ya maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, haijaanza kupiga kelele, Benedikta Chilumba anatembea peke yake katikati ya uchochoro. Mkono mmoja ameshika ndege ndogo ya boksi iliyochomekwa kwenye spoku ya baiskeli. Anaigeuza chali, anazunguka nayo polepole, huku kidole gumba cha mkono wa pili kikisukuma hewa.

Nurdin, jirani yake muuza beringi, anamuuliza rubani leo tunaenda wapi. Benedikta anaendelea kuzunguka.

Usimcheke dada wa watu. Mzaliwa huyu wa Masasi, mwenye miaka thelathini na minne, husuka upya nyaya za mota za pampu na feni kutwa nzima. Jumapili hurusha ndege ya rimoti, tena si kuirusha tu ikatua. Anaichezesha angani kwa vipimo, duara liwe duara kweli.

Ugonjwa huo aliupata miaka miwili iliyopita, pale mteja wake Chintan, mwenye duka la vifaa vya umeme Kariakoo, alipomletea mota iliyoungua ya ndege yake ya rimoti, ndogo kama kizibo. Aliisuka, akaomba kuiona ikifanya kazi. Basi, kwisha habari yake.

Kinachomsumbua ni mzunguko wa chali, yaani duara zima tumbo la ndege likiwa juu. Ndege ikipinduka, kijiti cha rimoti nacho hufanya kinyume: ukikivuta ili ipande, inashuka. Benedikta analijua hilo vizuri, ila vidole vyake ndivyo havitaki kulijua. Ndege tatu zimekwenda hivyo.

"Naiona inazama, naogopa, navuta," anasema. "Nikishavuta, naokota vipande."

Ya nne ameiunda kwa miezi mitano, kwa maboya meupe yanayokuja na friji mpya. Keshokutwa anatakiwa azunguke chali mara mbili mbele ya Mzee Natvarlal, mkaguzi wa klabu yao ya warusha ndege za rimoti. Akishindwa, maonyesho ya Desemba atayatazama tu kama watu wengine. Na ndege nyingine hana.

Jumapili, uwanjani nje ya mji, upepo ni mkali kuliko alivyotaka. Anamwamkia mzee shikamoo, anaitikiwa, anarusha.

Mzunguko wa kwanza ni safi kabisa. Kwenye wa pili, upepo unaisukuma pua chini na ndege inaanza kuzama kuelekea majani. Chintan, aliyekuja kutazama, anafumba macho. Kidole gumba cha Benedikta kinasukuma kijiti.

Ndege inapanda.

Mzee Natvarlal anafunga daftari lake, anamwambia Desemba afike mapema. Benedikta anakaa chini palepale, analia kwa furaha bila kumwonea mtu haya.

Baada ya Desemba anataka kujifunza kuibiringisha ndege mfululizo huku ikizunguka duara, jambo ambalo klabuni hulifanya wawili tu. Anaulizwa kama haogopi kuivunja hii ya nne.

"Hii lazima nitaivunja," anasema, akijifuta machozi. "Na ya tano. Ya sita ndiyo nataka mje muione."