Aliyeitwa Kwenye Kijito cha Juu

Wayalanji, wenyeji wa asili wa msitu huu, hawamtaji marehemu kwa jina, kwa hiyo mama yake Merle tutamwita mama tu.

Merle alikuwa bado mdogo, hajang'oa meno ya utoto, polisi walipoingia na farasi kambini kwao kando ya mto. Kwa amri ya serikali ya wazungu, walikuwa wakikusanya watu kuwapeleka kisiwani, mbali kusini, na watoto waliozaliwa na baba mzungu, kama yeye, ndio waliosakwa kwanza. Mama alimpaka masizi, akakimbia naye msituni hadi kijito cha juu, akampachika katikati ya mizizi ya mti mkubwa iliyosimama kama kuta.

"Usitoke. Mtu yeyote akikuita, usiitike. Hata mimi nikikuita, nyamaza."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Umesikia?"

Kisha akarudi kambini mwenyewe, polisi wasije wakamfuata huko.

Mchana ule Merle aliisikia sauti ya mama. Kwanza iliita taratibu, kama anavyoitwa mtoto aje kula. Halafu ikaita kwa kilio, na nyuma yake mwanamume akifoka. Merle akauma mkono wake, akanyamaza. Jioni bibi yake alipokuja kumtoa, mama keshachukuliwa. Alifia kisiwani, na kaburi lake hakuna aliyewahi kuwaonyesha.

Bibi ndiye aliyemlea, akimficha kila mbwa walipobweka. Alimfundisha kuloweka mbegu zenye sumu mtoni mpaka ziwe chakula, kuliepuka jani ambalo maumivu yake hayaishi mwezi mzima, na kumpisha kasowari, yule ndege mrefu asiyeruka, anayepasua tumbo kwa ukucha. Tena asiingie msituni bila kuwasemesha waliotangulia, wajue nani anapita.

Ila kijito cha juu kilimshinda. Kila alipofika huko, aliitwa.

"Merleee."

Alipomwambia bibi, bibi aliacha kukanda mkate.

"Mtu akifia ugenini, roho yake hurudi kwao, mjukuu wangu. Basi amefika."

"Niitike?"

Bibi aliukanda mkate wake mpaka ukawa mgumu.

Merle hakuitika. Aliolewa, akazaa, akawa mpishi wa hospitali mjini, nywele zikaota mvi, na agizo la mama hajalivunja. Alikwenda kijitoni, akasimama, akaitwa, akarudi nyumbani. Wanawe walidhani anakwenda kuvua samaki, wakashangaa hana bahati.

Ardhi iliporudi mikononi mwa Wayalanji, yeye na binamu yake Desmond walichukua kazi ya kusafisha njia za kupitisha wageni.

"Dada, panga hilo unalikatia au unalibembeleza?"

"Kata upande wako. Tumbo lako peke yake limeziba njia."

Walifika kijito cha juu mvua imekatika punde, majani yangali yakidondosha. Desmond alikuwa akicheka. Akaacha ghafla, akageuka nyuma.

"Nani huyo anakuita?"

Merle aligeuka akamkazia macho. Miaka yote alijiambia huenda ni kichwa chake tu.

"Umesikia?"

"Usinitanie, dada. Mwanamke kataja jina lako. Twende zetu."

"Ni mama."

Desmond akavua kofia, akaikumbatia kifuani. Sauti ikaita tena, karibu zaidi, sauti ya mtu aliyechoka kutafuta. Merle akaweka panga chini.

"Abee, mama," aliitika kwa lugha yao. "Nipo hapa. Siku ile pia nilikusikia. Ni wewe uliyenikataza."

Msitu ukanyamaza, hata njiwa. Walingoja mpaka miguu ikafa ganzi. Hakuita mtu.

"Amepumzika," Desmond alisema, akimshika bega. "Umefanya vyema."

Merle aliangua kilio. "Picha yake sina, Desmond. Nguo yake sina. Sauti ndiyo niliyokuwa nayo, nimeiitika imekwisha."

Siku hizi anaishi kwenye kibanda mwanzo wa njia. Wageni wakija huwafukiza moshi wa kuwatakasa, akawatambulisha kwa wazee waliotangulia, akawatembeza. Kijito cha juu hawapeleki. Huko huenda peke yake. Desmond humnyatia kwa mbali, akihofia asije akateleza. Anasema dada yake hukaa juu ya jiwe, akaita mama, mama, kisha akainamisha kichwa kusikiliza, na maji yanapita tu.