Chiriku wa Dirishani

Marehemu mume wangu hakuwa na mwanamke wa pembeni. Naanza na hilo, kwa wino, ili anayetaka kunukuu aninukuu mimi, aache kuokota maneno kwenye foleni ya dukani.

Alikuwa msoma mita za maji. Kwa miaka ishirini na sita alibisha hodi kwenye mageti ya watu, akainama, akafuta kioo cha mita kwa kitambaa na kuandika namba. Katika mkoba wa daftari lake alitia pia kamera ndogo ya mkanda. Akifunua kifuniko cha mita akamkuta chura amejikalia, alimpiga picha kwanza, mita baadaye. Utando wa buibui wenye umande, ua lililoota kwenye ufa wa ukuta, vyote alivirudisha nyumbani. Jioni alinisimulia chura yule kana kwamba ametoka kuonana na waziri.

Sisi wa nyumbani hatukusalimika. Alipanda mlimau wiki aliyozaliwa binti yetu, na kila mwaka alimsimamisha mtoto kando yake. “Usisimame kama unasubiri sindano!” alimwambia. “Cheza, mimi sipo.” Katika picha ya mwaka wa nne mlimau umempita kimo, naye kanuna, anauvuta tawi. Leo binti huyo anafundisha elimu ya mimea chuoni. Watu wakimuuliza alianzia wapi, hutaja mlimau.

Picha zilizosafishwa aliziweka kwenye bahasha, akazibandika kwa gundi zisiingie unyevu, na juu akaandika kwa mwandiko wake wa daftari la mita: nini, wapi, saa ngapi. Mwandiko huo ndio uliotuponza.

Mwezi wa pili baada ya msiba, wifi yangu, dada wa marehemu, alikuja kunisaidia kupanga kabati. Akasoma bahasha moja: “Chiriku, dirishani, saa kumi na mbili na robo asubuhi.” Nyingine: “Chiriku na wanawe watatu.” Ya tatu: “Chiriku amehama. Nyumba imepoa.”

Hakufungua hata moja. Hakuniuliza. Mkabala na dirisha letu anaishi fundi cherehani ambaye mtaa mzima humwita Chiriku kwa wingi wa maneno, na ana watoto watatu. Kufika Ijumaa, marehemu ameshapewa familia ya pili, na watoto wa jirani wanachunguzwa pua kama zinafanana na yake.

Sikugombana na mtu. Nilimwita wifi, nikamwita fundi, nikawaketisha sebuleni na kuweka bahasha na kisu mezani.

“Wifi,” nikasema, “wewe ndiye uliyesoma juu. Soma na ndani.”

Alikata ya kwanza. Ndege mdogo wa manjano, kifua mbele, ametua kwenye nondo za dirisha letu. Ya pili: kiota, na midomo mitatu imeachama. Ya tatu: kiota kitupu.

Fundi alizitazama moja moja, akazigeuza na nyuma. “Mdomo ninao, sikatai,” alisema. “Lakini dada yangu, mabawa umeyaona wapi?”

Wifi alitaka kucheka, akalia. “Nilidhani namtetea wifi yangu.”

“Kwa kumzika kaka yako mara ya pili?” nikamuuliza. “Mtu aliyeingia nyua za watu miaka yote hiyo bila geti hata moja kufungwa asiingie? Kaka yako aliamka mapema kumsubiri ndege wa uzito wa barua, akarudi kwenye chai anatabasamu. Hilo ndilo jina alilotuachia. Ulilianika vibaya, utalianua mwenyewe.”

Na alilianua, namtolea ushahidi. Alibeba picha zile nyumba kwa nyumba, fundi akiwa ubavuni kumkumbusha alipoanza kumung'unya maneno. Siku hizi watoto wa fundi huja kwangu kuangalia kiota, na mkubwa wao ameomba kufundishwa kamera. Nimempa mkoba aushike. Kamera bado.

Ila siku ile, kabla hawajatoka, wifi aliona bahasha ndogo iliyobaki chini ya mkono wangu. Juu yake: “Chiriku wa ndani, kila siku, saa zote.”

“Na hii je, wifi?”

Fundi alinitazama, mimi niliyefundisha sarufi miaka thelathini na kuiendeleza kila siku mezani, kitandani na jikoni. Akaziba mdomo kwa upande wa kanga, mabega yakimtikisika. “Mwalimu! Kumbe wa jina hili tuko wawili!”

Bahasha hiyo niliifungua nikiwa peke yangu. Iko kwenye droo yangu, na ufunguo ninao mimi. Kilichomo sisemi.