Vitoto vya Panya Ndani ya Mota

Juzi mota ya pampu iliungua nyumbani kwangu. Fundi alipoifungua, harufu ya grisi iliyooza ilinipanda puani, nikakimbilia nje kutapika.

Nilipokuwa mtoto, baba yangu alikuwa seremala katika shamba la mkonge, Kibaha. Kwenye stoo ya shamba kulikuwa na msumeno wa umeme uliokufa zamani, na baba aliapa kuufufua. Mimi, binti yake wa pekee, nilikuwa nimemshikia koleo alipoifungua mota ya msumeno huo. Ndani panya alikuwa amezaa. Vitoto vilikuwa vimefia katikati ya nyaya za shaba, vimeoza na kugandamana na grisi, funza wakitambaa juu yake.

Baba hakukunja hata uso. Alivichokoa kwa vidole, kimoja kimoja, akipangusa ute kwenye kaptura yake.

“Baba, tumia kijiti!”

“Kijiti kitakata waya, mwanangu.”

Alizisafisha nyaya kwa mafuta ya taa, akaifunga mota. Alasiri jenereta iliwashwa, msumeno ukanguruma, wafanyakazi wakamshangilia. Sijawahi kumwona akicheka vile.

Jioni alinawa kwa sabuni na majivu, akaketi mkekani, akamega ugali na kunipa tonge la kwanza, kama kawaida yake. Niligeuza uso, nikaziba pua.

“Unanionea kinyaa, mwanangu?”

Mama alianza kunikaripia, baba akamzuia. Alichukua sahani yake, akaenda kula barazani peke yake. Tangu siku hiyo hakunilisha tena tonge.