Mgongo wa Baba Mkwe

"Usiogope," nesi wa Dar aliniambia, "mkojo utatoka mwekundu. Ni rangi ya dawa tu."

Usiogope! Nyie mnaowaambia wenzenu wasiogope, mmeshawahi kuingia chooni mkatoa kitu chekundu kama damu ya kuku? Nilipiga yowe hadi wagonjwa wenzangu wakaja kugonga mlango. Nesi alikuwa amesema kweli, tena kwa upole, lakini mwili haukuwa umemsikia.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, mitumba ilipofunguliwa na kila mwenye miguu akawa mfanyabiashara. Nilikuwa na meza yangu sokoni Bulyaga, pale Tukuyu mjini, nauza magauni na makoti ya baridi, na mdomo wangu ulikuwa unauza kuliko nguo zenyewe. Kisha ukaja uvimbe kwenye titi. Madaktari walinikata, halafu wakaniambia niwe nasafiri kwenda Dar kuwekewa dripu ya dawa ya saratani, narudi kupumzika, naenda tena. Mume wangu alikuwa akifuata mzigo mpakani Kasumulu, maana nauli haitoki mbinguni. Kwa hiyo nilipumzikia kwa wakwe zangu, kijijini Kinyala.

Nywele zilitoka zote. Niliamka nikazikuta kwenye mto, nikashika kichwa, nyingine zikabaki mkononi. Kwetu mwanamke akionekana na kipara watu wanajua kuna msiba, na kweli mtoto wa jirani aliponiona aliuliza nani kafa. Kucha zikawa nyeusi. Mdomoni vidonda, na kila nilichokula kilikuwa na ladha ya msumari. Mama mkwe wangu alinifunga kitambaa kichwani, akanipaka mafuta ya ng'ombe kwenye midomo kwa kidole chake kigumu cha jembe, akasema, "Nywele ni majani, mwanangu. Mvua ya Rungwe hii itashindwa kuotesha majani?" Nilimpenda sana yule mama. Ninampenda mpaka leo.

Baba mkwe lilikuwa jambo lingine.

Sisi Wanyakyusa tuna heshima yetu inaitwa kutila. Mke wa mtoto haonani uso kwa uso na baba mkwe. Hasemi naye, hali naye, jina lake halitamki, na kichwa wazi mbele yake, mama yangu, bora utembee uchi sokoni. Mjini wengi walikuwa wameshaiacha. Yeye, mzee wa kanisa, alishika Biblia kwa mkono mmoja na kutila kwa mkono wa pili, na wala hakuona kama vinagombana. Akitaka kupita alikohoa, mimi najificha nyuma ya migomba au nafunga mlango. Tangu niolewe nilikuwa sijasikia neno lake hata moja lililotumwa kwangu. Nilidhani ananichukia. Mdomo wangu huu, nani asingenichukia?

Sasa, daktari wa Dar alikuwa ameniambia jambo moja akinikazia macho. Dawa inaua adui, lakini inaua na askari wa mwili. "Homa ikikushika usimeze vidonge ukalala. Uende hospitali papo hapo. Ukichelewa, homa ndogo tu itakuua." Mama mkwe aliitangazia nyumba nzima, mpaka ng'ombe nadhani alijua.

Homa ikachagua siku ya soko. Mama mkwe alikuwa Mpuguso kuuza ndizi, mwanangu na watoto wengine wa nyumbani shuleni, mvua inanyesha. Nilianza kutetemeka mchana, kitanda kikawa kinalia. Nikajaribu kusimama, miguu ikakataa. Kitambaa kikadondoka, nikashindwa hata kuinama kukiokota. Na nje, upande wa pili wa ukuta, namsikia baba mkwe anakata majani ya ng'ombe kwa panga. Chap, chap, chap. Nilichotakiwa ni kuita tu.

Nitamwitaje? Jina siruhusiwi. Na aje anione na kipara hiki? Nikafumba macho nikasema basi, Mungu anajua. Nilikuwa tayari kufa kwa adabu. Nikikumbuka leo nasikia hasira, na hasira yenyewe ni kwangu mimi mwenyewe, mjinga mkubwa.

Akaja barazani kuchukua kamba. Akakohoa. Sikufunga mlango. Akakohoa tena, kwa nguvu. Nadhani alisikia meno yangu yanavyogongana, maana nilisikia panga likilia sakafuni, ameliweka chini.

"Mama wa mjukuu wangu," akasema kupitia ukutani. "Upo?"

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka chooni kule Dar. "Homa," nikasema. Neno moja tu lilitoka.

Yule mzee aliingia kinyumenyume. Ndiyo, kinyumenyume, mikono imetangulia mgongoni ikipapasa hewa, akakipiga teke kigoda, akaangusha ndoo, mpaka visigino vyake vikagusa kitanda changu. Akachuchumaa.

"Panda."

"Tata," nikamwambia, maana ndivyo tunavyosema baba, "kichwa changu kiko wazi."

"Mimi nina macho kisogoni? Panda!"

Nikapanda. Nikajifunika blanketi kichwani, nikamkumbatia shingo, na yeye akainuka huku magoti yanalia. Njia ya kwenda barabarani ni mteremko, na udongo wetu ukilowa unateleza kama bamia. Alishika mgomba mmoja baada ya mwingine, anahema, ananigombeza nisilegeze mikono. Mwanamke mmoja tuliyekutana naye alitua mzigo wake akaziba mdomo. "Yesu! Mkwe mgongoni!"

"Pisha njia," baba mkwe akamjibu.

Gari la majani ya chai likatuchukua hadi Tukuyu. Hospitalini wakanitundikia dripu na kunichoma sindano, na daktari akasema kama tungengoja mama mkwe arudi sokoni, tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Homa ilipoanza kushuka niliwaona wageni. Wanawake wa kanisani walikuja wamevaa sauti za msibani. Waliimba zile nyimbo za kuvuka upande wa pili. Mmoja akanishika mkono akaniuliza kama nimewasamehe watu wote. Wakanipa pole, wakalia kidogo, wakaniombea nipokelewe vizuri. Hakuna aliyesema lolote kuhusu wiki ijayo. Na mimi nikaanza kuamini kwamba kweli, wiki ijayo si yangu.

Baba mkwe alikuwa kwenye benchi, amenipa mgongo, anatazama ukuta. Hakuwa ameondoka. Walipotoka, akausemesha ukuta.

"Mkamwana."

"Naam, Tata."

"Nina neno. Nimelificha moyoni tangu siku ulipoolewa."

Nikajua na huyu sasa anakuja kuniaga. "Sema, Tata."

Akajikuna shingo.

"Mbalaga yako," akasema, yaani zile ndizi ninazopika, "ina chumvi sana. Siku zote. Hata kabla hujaugua. Nilikuwa nakula kisha nakunywa maji kama ng'ombe, na nitamwambia nani? Mama yako mkwe anasema ni tamu. Si tamu. Ukirudi jikoni, punguza."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma, vidonda vya mdomoni vikapasuka, nesi akaja mbio kushika dripu isichomoke. Kisha nikalia, sauti ya juu, bila aibu. Tangu ugonjwa uanze hakuna mtu aliyekuwa amenilalamikia kitu.

"Nitapunguza, Tata," nikamwambia.